Bushi Mbichi

Gunia la kwanza lilimwagwa saa ya chai, katikati ya uwanja wa kiwanda, mbele ya watu wenye vikombe mkononi. Bushi zikatawanyika juu ya saruji zikilia kama sarafu, nyingine zikabingirika mpaka chini ya viatu vya watu. La pili likafuata. Msimamizi, ambaye wote walimwita Rula kwa ajili ya rula ya chuma aliyotembea nayo kutwa kama askari na rungu lake, akaokota moja, akaiinua juu waione, akaigonga. Ikafunguka vipande viwili.

“Mteja kazirudisha,” akasema. “Feni zake zinapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Anataka kujua nani kamfanya mjinga. Na mimi nataka kujua.”

Bushi ni pete tu ya shaba, ndogo ya kuweza kuvaliwa kidoleni, inakaa ndani ya feni au pampu na kushika mhimili unaozunguka. Kiwandani pale haikuchongwa wala kuyeyushwa. Ilianza kama unga. Unga wa shaba ulimiminwa kwenye kalibu, tundu la chuma lenye umbo la pete, presi ikaushindilia kwa nguvu za kuvunja mawe, na pete ikatoka imeshikana. Ikitoka hapo waliiita mbichi, maana ukiibana vibaya inarudi kuwa unga mkononi mwako. Ilikuwa lazima ipite tanuri, iive, ndipo iwe chuma cha kweli.

Rula akaigeuza ile nusu, akawaonyesha alama iliyokuwa kitakoni. Kila presi ilikuwa na alama yake, na hii ilikuwa nyota. Nyota ilikuwa presi ya mwanamke mmoja ambaye alikuwa hodari nayo hata watu walisahau jina lake, wakamwita Bibi Presi. Na bushi za nyota ziliiva kwenye tanuri la pembeni, lililoangaliwa na mumewe. Huyo naye, kwa kukaa karibu na moto hadi nyusi zikanyonyoka, alikuwa Bwana Tanuri.

“Bushi ikipasuka,” Rula akasema, “imepasuliwa na presi au imepasuliwa na tanuri. Hakuna mlango wa tatu. Bahati nzuri wahusika wanalala kitanda kimoja, basi hatuna haja ya kikao. Wakazungumze wenyewe huko. Kesho kutwa Tajiri anakuja na mteja. Mmoja atasimama aseme ni mimi, au amwonyeshe mwenzake kwa kidole, na huyo mkosaji atakwenda nyumbani akapumzike.”

Watu wengine walicheka. Hilo lazima lisemwe. Walicheka kwa sababu hawakuitwa wao, na kicheko cha namna hiyo ndicho kilichomfanya Rula kuwa Rula. Kisha akawaamuru mume na mke waziokote zote. Wakapiga magoti kwenye saruji, mume upande huu na mke upande ule, wakaokota pete moja moja mpaka walipokutana katikati, na hawakutazamana.

Mlango wa tatu ulikuwepo, na hakuna mtu pale uwanjani asiyeujua. Ulikuwa nta.

Unga wa shaba haushindiliwi mtupu. Unachanganywa na unga mweupe wa nta, laini kama poda ya mtoto, ili pete iteleze ikitoka kwenye kalibu. Zamani kipimo kilikuwa kopo kubwa lililofungwa kwa mnyororo kwenye pipa. Mvua zilipokwisha, kopo liliondolewa. Mahali pake kikaja kikombe cha chai kilichovunjika sikio, na Rula akasema nta imepanda bei, watu wabane matumizi. Baadaye yakaja maagizo mengine, kwamba unga uliomwagika sakafuni ufagiwe, uchekechwe na kurudishwa kwenye pipa, pamoja na mchanga wake na nywele zake. Toka hapo presi zikaanza kulia. Pete ilipotolewa kwenye kalibu ilikwaruza, ikabana, ikatoka kwa kugombana, na kiunoni mwake ukabaki ufa mwembamba kama unywele.

Pete mbichi yenye ufa ilirudishwa kwa aliyeishindilia. Aliisaga kwa mikono, akaishindilia upya, baada ya saa za kazi, bila malipo. Presi zote zilishikwa na wanawake, na wanawake walikuwa wakifika nyumbani watoto wamekwisha kulala na njaa.

Ndipo wanaume wa tanuri walipoanza kuponya. Neno lilikuwa lao wenyewe. Mtu alipopokea sinia la pete mbichi aliziangalia moja moja, na yenye ufa aliilambia kidole gumba, akachovya kidole kwenye unga, akapaka ule ufa polepole mpaka ukafunikwa. Kisha akaiingiza motoni. Ikiiva, jicho halioni kitu. Bwana Tanuri alikuwa fundi wa kuponya kuliko wote. Alikuwa akimponyea mkewe, na alipomaliza za mkewe aliponya za majirani. Hakupewa asante wala hakuitaka. Ilikuwa heshima tu, kama vile mtu anavyomshikia mwenzake mlango mikono ya mwenzake ikiwa imejaa.

Hivyo ndivyo zile pete zilivyotoka kiwandani zikiwa zimepakwa mate, zikaenda kuzunguka ndani ya feni za watu.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kimoja na kibaraza kilichozibwa kwa mabati, ambako alilala mama yake Bwana Tanuri. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Mshahara wa baba ulilipa chumba, mshahara wa mama ulilipa bweni, na chakula kilitafutwa katikati, wiki hii upande huu, wiki ijayo upande ule. Mtu hahitaji kalamu kuona ni nini kitatokea upande mmoja ukikatika. Binti atarudi nyumbani na sanduku lake la bati, aambiwe asubiri, na kusubiri kwa namna hiyo huwa hakuna mwisho.

Walinawa kwenye beseni moja nje ya mlango. Maji yakageuka rangi ya kutu, kama kawaida. Mama mkwe aliwaangalia, akajua kuna jambo, maana siku nyingine walinawa wakitaniana kuwa wana shaba nyingi mwilini kuliko hela mfukoni.

Alipoelezwa, alifikiri kidogo akilegeza mtandio wake. Kisha akasema bila kumtazama mkwewe kwamba yeye hana upande, ila mwanamume akifukuzwa kazi anaharibika, anaanza kukaa vijiweni, na mwanamke siku zote anaweza kufua nguo za watu.

“Mama,” Bwana Tanuri akasema.

“Nimesema sina upande.”

Bibi Presi aliendelea kuchambua mboga. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa kama mama amewahi kufua nguo za watu. Mama mkwe akajibu kwamba alifua, ndiyo, miaka. Bibi Presi akauliza tena kama fedha hiyo ilimlipia mtoto yeyote shule ya bweni. Kizee kile kikaingia kibarazani na kuanza kupanga vitu vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Wenyewe wawili hawakugombana. Ingekuwa afadhali wagombane. Mume alisema pengine waseme ukweli wa nta. Mke akamuuliza atamwambia nani, na yule aliyeleta kikombe ndiye hakimu. Mume akasema basi atasema ni yeye, tanuri, yaishe. Mke akamwambia asijifanye shujaa kwa karo ya mtoto. Halafu wakala, na kila mmoja akawa na hesabu yake kichwani, na kila mmoja akaona aibu kwa hesabu hiyo.

*

Kesho yake Bwana Tanuri aliitwa ofisini. Miaka yote alikuwa akisimama mlangoni mwa ofisi ile akiongea na kizingiti. Leo aliambiwa akae. Ila kwanza Rula alichukua gazeti, akalikunjua, akalitandika kwenye kiti ili kitambaa kisichafuke. Bwana Tanuri akakalia gazeti. Juu yao feni ilizunguka kimya kabisa. Ilikuwa feni ya kununua dukani, yenye bushi zilizotengenezwa mbali, kwa nta ya kutosha.

Rula akamfungulia soda. Akamwita ndugu yangu. Akamwambia yeye anamhurumia, maana anajua uzito wa kuwa kichwa cha nyumba. Tajiri anataka mtu mmoja, na mtu mmoja si vigumu kumpata. Kesho akiulizwa, aseme tu bushi zilimfikia zina nyufa. Si uwongo hata kidogo. Mkewe atapumzika nyumbani, apike, amwangalie mama mzee, na yeye Rula ataona namna ya kumwongezea kidogo mwisho wa mwezi ili pengo lisionekane.

Bwana Tanuri hakusema ndiyo. Alikunywa soda kwa sababu ilikuwa imekwisha funguliwa. Alipoinuka, Rula alimtia mkononi pakiti ya biskuti za krimu, zile za karatasi ya njano, akasema, “Za mama.”

Mchana akaitwa Bibi Presi. Kiti kilikuwa palepale, na gazeti lilikuwa palepale. Juu ya gazeti kulikuwa na alama mbili za mviringo, rangi ya shaba, mahali ambapo mtu alikuwa amekaa. Alizitazama kabla ya kukaa. Watu wa presi huchafuka mikono na kifua. Wanaochafuka suruali kwa nyuma ni wale wanaokaa juu ya masanduku ya unga wakingoja moto ushike. Akakaa juu ya alama za mumewe.

Yeye aliitwa dada. Aliambiwa ana mikono ya dhahabu, na kwamba presi zote zinahitaji mwanamke mmoja wa kuzisimamia, mwenye kiti chake na kofia ya rangi tofauti. Aliambiwa mumewe ni mtu mwema ila mzembe, anapaka bushi mate.

“Bosi amejua lini habari ya mate?” akauliza.

“Tangu siku ya kwanza. Mimi si kipofu.”

“Na hukuwakataza.”

Rula akacheka, cheko la mtu anayeambiwa jambo la kitoto. “Nikataze? Bushi zilikuwa zinatoka kamili. Nta nusu, mzigo uleule. Kila mwezi Tajiri alikuwa akinishika mkono na kunipongeza.” Akainama mbele kidogo. “Lakini kesho, dada, mimi sitakuwa najua habari ya mate. Utaniambia wewe. Mbele ya Tajiri, nitashangaa.”

Naye akapewa pakiti ya karatasi ya njano.

*

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda anakwaruza tope kwenye viatu vilivyokuwa safi. Akangoja. Alimpa muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Alimuuliza siku ilikuwaje, akajibu kama kawaida. Akamuuliza kama Rula alimsumbua, akajibu hapana, leo hakumwona sana. Ndipo Bibi Presi alipofungua mkoba wake, akatoa pakiti ya biskuti, akaiweka juu ya meza taratibu.

Mama mkwe akatokea kibarazani, akaiona, uso ukakunjuka.

“Loo, na wewe umeleta? Nilidhani mwanangu amenikumbuka peke yake.” Akarudi ndani, akatoka na nyingine, akaziweka bega kwa bega. Karatasi ya njano na karatasi ya njano. “Mnanipenda leo. Kuna nini?”

Bwana Tanuri alizitazama zile pakiti kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe aliyopigwa bila kujua.

“Ulisema ndiyo?” mkewe akauliza.

“Sikusema ndiyo.”

“Ulisema hapana?”

Akakwaruza kiatu. “Sikusema hapana.”

“Hata mimi,” akasema Bibi Presi. “Nilitaka kusema hapana. Nikaona kofia ya rangi. Nikaona mtoto anamaliza shule. Nimetembea njia nzima nakutafutia kosa lako, mume wangu, na njia si fupi, nikapata mengi.”

Hapo ndipo walipogombana, na waligombana vizuri, mpaka jirani akazima redio asikie. Yakatoka mambo ya zamani, ya koti lililouzwa na ya shemeji aliyekopa. Mama mkwe alikaa katikati amekumbatia pakiti zake mbili, na kwa mara ya kwanza hakutia neno. Mume akapaza sauti kwamba yeye vidole vimechubuka kwa kuponya kazi yake mbovu, na sasa hizo ndizo shukrani.

“Anajua,” mkewe akasema.

“Nani?”

“Rula. Anajua kuponya tangu siku ya kwanza. Kaniambia mwenyewe, anacheka. Nta kaipunguza nusu kwa sababu alijua wewe utaziba. Wewe na mate yako.”

Bwana Tanuri akakiweka kiatu chini. Alikuwa ameamini kwamba lile tu ndilo lilikuwa lake katika kiwanda kizima. Mikono walikuwa wameinunua, nyusi walikuwa wamezichoma, lakini kile kidole gumba, ile huruma ya kumfichia mwanamke ufa ili awahi kwa watoto, hiyo alidhani anamwibia Rula. Alikuwa akienda nayo nyumbani jioni kama mtu aliyeficha kitu kizuri mfukoni.

“Kumbe ilikuwa kwenye hesabu zake,” akasema. “Huruma yangu. Kaiweka kwenye hesabu kama makaa.”

“Kesho usiponye,” mkewe akasema.

“Watatufukuza wote wawili.”

“Mmoja wameshamfukuza. Wanachongoja ni sisi kuwaambia ni nani.”

Mama mkwe akaziweka pakiti juu ya rafu, mbali, kama kitu kinachoweza kuuma. Aliuliza kama hizo biskuti ndizo bei. Wakamwambia ndizo. Akauliza kama kuna aliyeongezewa chochote juu yake, hata sabuni. Wakamwambia soda, moja, na aliyeinywa ni mwanawe. Kizee hakikusema tena habari ya kufua.

*

Asubuhi Bibi Presi alizungumza na wenzake bombani, wakijaza vyombo kabla ya kengele. Hakuhutubia. Aliwaeleza tu alivyoambiwa ofisini na alivyocheka yule aliyemwambia. Mkubwa wao, ambaye wote walimwita Shangazi, alimwambia yeye ana wajukuu watatu wasio na mama na hana nafasi ya ushujaa. Mwingine akasema yeye hayumo. Mwingine akauliza itakuwaje wasiponyewa, watarudia kazi mpaka giza. Bibi Presi akasema ndiyo, leo watarudia mpaka giza. Hakuwa na la kuwaahidi, na hakuahidi.

Mumewe upande wa tanuri alikuwa na maneno machache zaidi. Alikwenda kwa kila mwenzake, akamwambia, “Leo mimi siponyi. Rula ndiye anayeponyewa, si wake zetu.” Mmoja akatukana. Haikueleweka alimtukana nani.

Tajiri alikuja na mteja kabla ya saa ya chai. Mteja alikuwa mama mfupi mwenye miwani, aliyevaa viatu vya kutembelea kiwandani na asiyependa kusifiwa. Tajiri alimsifu. Rula alikuwa amepanga kila kitu. Kwanza mteja aone kazi ya leo, bushi mpya, aridhike. Kisha mkosaji ataletwa mbele, atajulikana, atatolewa, na biashara itaendelea. Watu wakapangwa kwenye mstari. Presi zikawashwa.

Zililia. Zililia kama zilivyokuwa zikilia kila siku, kwa sababu kikombe cha leo kilikuwa kilekile kisicho na sikio. Wanawake wakajaza masinia, wanaume wakayabeba hadi kwenye meza ya mbele ya matanuri, ambako kwa desturi huketi na kuponya kabla ya kuingiza motoni. Leo walisimama nyuma ya meza, mikono mgongoni. Mate yalibaki vinywani.

Mteja akainamia sinia la kwanza. Lilikuwa la Shangazi, lenye alama ya msalaba. Akavua miwani, akaivaa tena.

“Hizi zina nyufa,” akasema.

“Ni hilo moja,” Rula akasema haraka. “Mama huyu mzee, macho.”

Mteja akaenda la pili, la alama ya mwezi. Akaenda la tatu. Alikuwa akigusa kila pete kwa ncha ya kalamu yake, na pete moja ikamvunjikia, ikawa unga mezani. Tajiri alianza kumtazama Rula kwa jicho ambalo Rula hakulizoea, jicho ambalo yeye mwenyewe aliwatazamia watu wengine miaka yote.

Rula akazunguka meza. Akamfikia Bwana Tanuri, akamwinamia sikioni, lakini hofu haijui kunong'ona, na presi zilikuwa zimezimwa.

“Ponya,” akasema. “Unangoja nini? Ponya.”

Watu wote walisikia. Mteja alisikia.

Bwana Tanuri hakutoa mikono mgongoni. “Niponye nini, bosi?” akauliza, kwa adabu kabisa. “Nilidhani hujui habari hiyo. Nilidhani leo unashangaa.”

Kisha Shangazi, ambaye hakuwa na nafasi ya ushujaa, akacheka. Cheko lake lilikuwa bovu, la kukohoa, la kifua kilichojaa shaba. Halikuambukiza mtu, lakini lilikwenda mpaka likaisha lenyewe, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mteja akauliza kuponya ni nini. Bibi Presi akamwonyesha. Alichukua pete yenye ufa kwenye sinia lake, akailambia kidole gumba, akapaka, akampa. Kisha akaenda kwenye pipa la nta, akarudi na kile kikombe, akakiweka mezani mbele ya mteja, upande uliovunjika ukimwelekea.

Mteja alikitazama kikombe, akamtazama Tajiri, akafunga mkoba wake. Aliondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Usidhani basi wakashinda. Tajiri akiaibishwa hatafuti mwenye kosa, anatafuta aliyeshuhudia. Aliwaita mume na mke mbele ya mstari, akasema kiwanda chake si uwanja wa siasa, akawaambia watoke, wote wawili, sasa hivi, na waache aproni. Aproni zilikuwa zao, walizinunua kwa mshahara wao, lakini walizivua, wakazikunja, wakaziweka juu ya meza penye unga. Mstari haukusogea. Wengine walitazama chini. Mmoja tu alisogea, yule aliyetukana asubuhi, akawafungulia geti.

*

Habari huwa hazihitaji miguu. Kabla wiki haijaisha, walisikia kwamba kopo kubwa limerudishwa kwenye pipa, na mnyororo wake mpya. Mteja alikuwa ametia masharti. Presi hazilii tena. Unga wa sakafuni unatupwa. Rula bado yupo, rula bado anayo, ila feni imeondolewa ofisini kwake. Wanawake wanafika nyumbani watoto wakiwa macho. Na hakuna mwanamume wa tanuri anayeponya. Hata kukiwa na ufa mmoja katika sinia zima, unakwenda mbele ulivyo.

Yote hayo waliyasikia wakiwa wamekaa nyumbani, mikono imeanza kutakata. Hilo ndilo lililomuuma Bibi Presi kuliko kufukuzwa. Kila akinawa, maji yalizidi kuwa meupe.

Bwana Tanuri alizunguka kutafuta kazi, akaambiwa na kila mwenye karakana kwamba habari zake zimefika. Barua ya shule ikaja, wakaisoma, wakaikunja. Wanawake wa presi walichanga kitu, kikaletwa na Shangazi ndani ya leso, naye akakataa kukaa, akasema anaogopa kuonekana. Hiyo nayo iandikwe, kwamba alileta, na kwamba aliogopa.

Kisha akaja mlinzi wa geti, mzee mwenye koti kubwa. Alimkuta mama mkwe nje anachagua mawe kwenye maharage. Wenyewe walikuwa ndani, wakasikia, hawakutoka. Mlinzi alisema ametumwa. Presi ya nyota imewashinda watu, imeharibu kalibu, na Rula amezungumza na Tajiri, na Tajiri si mtu mbaya. Amekubali kusamehe. Arudi mmoja.

“Mmoja yupi?” kizee kikauliza.

“Wachague wenyewe. Mwanamke ndiye anayehitajika zaidi, ila wakitaka mwanamume, sawa. Mmoja tu, ili iwe fundisho.”

Mama mkwe alichagua mawe mawili zaidi, akayatupa. Ndani, Bibi Presi alikuwa amemshika mumewe kifundo cha mkono, na hakujua anamzuia asitoke au anajizuia yeye. Kila mmoja alijua mwenzake angekubali kubaki. Kila mmoja alijua hilo ndilo Rula alilotaka.

Kizee kikainuka, kikaingia kibarazani, kikatoka na pakiti mbili za karatasi ya njano. Hazikufunguliwa. Kikamtia mlinzi moja mfuko huu wa koti, moja mfuko ule.

“Mwambie wakirudi, watarudi wawili. Na hizi azile mwenyewe,” akasema. “Mimi sina meno.”

Mlinzi akaondoka, mifuko imevimba kama mtu aliyetoka kuiba.

Mama mkwe alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Akaingia chumbani, akawapita mwanawe na mkwewe bila kuwaangalia, akafunua debe la unga wa kupikia, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akalifunika.

“Haya,” akasema. “Sasa niambieni tunakula nini.”